Msitu Umerudi? Waulize Nyuki wa Porini

Mwaka 2014 Uganda iliahidi kurejesha uoto kwenye hekta milioni 2.5 za ardhi iliyoharibika. Kila ninapokwenda vijijini naulizwa: miche mingapi imepandwa, mingapi imeshika? Ni swali la haki, ila miche kushika si msitu kurudi. Shamba la misonobari hukaa kijani mwaka mzima, na nyuki hapati humo hata tone la nekta.

Ndiyo maana sisi tunaochunguza wadudu tunaomba nyuki nao wahesabiwe. Si nyuki wa mzinga. Huyo hufuata maua kilomita kadhaa, hivyo ukimkuta hakuambii mengi kuhusu mahali uliposimama. Nasema wale wa porini. Wadogo kati yao hawaendi mbali, mara nyingi mita mia chache tu. Ukimwona mmoja, chakula chake na nyumba yake viko papo hapo.

Na nyumba ndiyo ngumu kupatikana. Wale weusi wakubwa wenye mvumo mzito hutoboa mti mkavu. Nyuki wadogo wasiouma, ambao Watwa, wenyeji wa msitu wa Bwindi kusini-magharibi mwa Uganda, wamekula asali yao vizazi na vizazi, wengi hutafuta pango ndani ya mti mkubwa, na mlangoni hujenga kibomba cha nta na utomvu. Mche wa miaka mitano hauna pango. Wengine wengi huchimba ardhini. Piga magoti kando ya njia saa nne asubuhi, jua likiwaka: utaona kitundu chembamba kama penseli, kimezungushiwa vumbi laini. Tulia. Kichwa kitachungulia, kikuone, kirudi ndani.

Kuwapima hakuhitaji mitambo. Tunawategea bakuli za manjano, buluu na nyeupe zenye maji na matone ya sabuni, kisha tunapita na wavu kwenye maua. Tunafanya hivyo sehemu tatu: msitu wa asili, eneo lililopandwa, na eneo lililoachwa hivi hivi. Tunarudia masika na kiangazi.

Lakini tusihesabu vichwa tu. Ardhi iliyofyekwa juzi, yenye mululuza na kishonanguo, yaweza kuwa na nyuki wengi kuliko msitu, kwa sababu jua lipo na udongo uko wazi. Tunachotazama ni kama aina za eneo lililopandwa zinakaribia zile za msituni. Mimi hufurahi zaidi nikimpata nyuki mdoezi, asiyekusanya chavua, anayetaga ndani ya viota vya wenzake. Hawezi kuishi mahali ambapo wenye viota ni wachache.

Kusini mwa hifadhi ya msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, miti ya asili imepandwa tangu miaka ya 1990 kwenye ardhi iliyokuwa imefunikwa na mabingobingo. Mahali kama hapo ningeomba jambo moja: gogo kavu lisikatwe lote kuwa kuni. Mkulima wa kahawa jirani naye analihitaji. Robusta haijichavushi, chavua lazima itoke kwenye mbuni mwingine. Upepo huibeba, na nyuki anayelala kwenye gogo lile huibeba pia.