Massey Ferguson: mikono mitatu iliyobadilisha trekta

Nyuma ya karibu kila trekta la shamba kuna mikono miwili chini na mmoja juu, inayoshika plau. Mpangilio huo ni kazi ya Harry Ferguson, mzaliwa wa County Down, Ireland, na mkulima anayetaka kununua Massey afadhali auelewe kabla ya kuvutiwa na rangi nyekundu.

Zamani plau lilikokotwa tu. Likikwama kwenye mwamba au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikanyanyuka, na trekta likaweza kumpindukia dereva. Ferguson alifanya plau na trekta viwe kitu kimoja. Udongo ukiwa mgumu, mkono wa juu husukumwa mbele, springi hubonyea, valvu ya haidroliki hufunguka na kunyanyua plau kidogo. Uzito huhamia magurudumu ya nyuma, nayo hushika ardhi vizuri. Kwa hiyo trekta dogo likaweza kazi iliyohitaji mashine nzito. Hatari ile bado ipo ukivuta gari lililokwama: mnyororo ufungwe kwenye ndoano ya chini, kamwe usiufunge kwenye mkono wa juu.

Mwaka 1938 Ferguson alikubaliana na Henry Ford kwa kushikana mikono, bila maandishi. Baada ya vita kampuni ya Ford ikajitoa. Ferguson akashtaki, na mwaka 1952 akalipwa dola milioni 9.25. Wakati huo trekta lake la kijivu, TE20, lilikuwa likiundwa Coventry, Uingereza. Kati ya 1946 na 1956 yalitoka zaidi ya 500,000.

Upande wa Massey ulianzia kwenye karakana ya Daniel Massey huko Ontario, Kanada, mwaka 1847. Mwaka 1891 ikaungana na kampuni ya Harris, mwaka 1953 na ya Ferguson. Tangu 1994 mmiliki ni AGCO ya Marekani.

MF 135 ya miaka ya 1960 ndiyo iliyolijengea jina sifa. Afrika Mashariki sasa utakutana zaidi na MF 240, 290, 375 na 385. Usikisie nguvu kwa namba: 240 ina farasi 50 hivi, ilhali 290 ina kama 80, na 375 kama 75. Kwa plau la diski tatu, 240 itateseka. Tena matrekta haya huundwa pia Pakistan na India, hivyo soma kibati cha kiwanda kabla ya kuagiza spea.