Zana ya kukunja: anza na bolti za baiskeli yako

Juzi mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alifika kibandani kwangu karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, akanitilia mkononi zana ya kukunja aliyotoka kuinunua. "Fundi, hii ina vifaa kumi na vinane," akasema kwa furaha. Nikaifungua yote: kisu, msumeno mdogo, kifungua chupa, bisibisi tatu, alenki (funguo za pembe sita) kadhaa. "Mwalimu, baiskeli yako ina breki za diski. T25, ile ncha ya bolti za diski, iko wapi?" Tukaitafuta kipande kwa kipande. Haikuwemo. Diski zake zimeshikwa na bolti sita kila gurudumu, na zote kumi na mbili ni T25. Zikianza kulegea akiwa safarini huko Maseno, hana cha kuzikazia.

T25 ni ncha ya nyota yenye meno sita. Usiichanganye na bisibisi ya nyota ya kawaida, ambayo ina meno manne. Nimeona watu wakilazimisha alenki kwenye tundu la T25 hadi likawa duara.

Swali la zana gani ya kubeba huniijia karibu kila Jumamosi, siku ambayo watu huleta baiskeli zikaguliwe kabla ya safari ya Jumapili. Mimi huwarudisha kwanza nyumbani. Kaa chini na baiskeli yako, shika karatasi, anzia mbele uende nyuma, na kila bolti uandike inafunguliwa na nini. Ni kazi ya robo saa. Kwenye baiskeli nyingi za gia zinazopita mikononi mwangu, kazi kubwa hufanywa na alenki namba 4 na namba 5: shingo ya usukani, kishikio cha chupa, waya wa breki, waya wa gia. Namba 6 mara nyingi hutakiwa kwenye kiti. Namba 2, 2.5 na 3 ni za skrubu ndogo za kurekebisha, ingawa gia nyingi za zamani bado zinataka bisibisi ya nyota. Pedali hufunguliwa kwa alenki namba 8 au namba 6, au spana namba 15, lakini hiyo ni kazi ya nyumbani, kwa mpini mrefu. (Ya kushoto hufunguka kinyume, kuelekea mkono wa saa. Wengi huikaza wakidhani wanaifungua.)

Ukishakuwa na karatasi hiyo, zana nyingi za dukani zitajiondoa zenyewe. Zinazobaki zijaribu kwenye baiskeli, na hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu wananunua kwa kuangalia tu. Chukua bolti ya chini ya kishikio cha chupa. Iko ndani ya fremu, imebanwa pande zote. Ukiingiza alenki fupi ya zana nene, mwili wa zana unagonga bomba la fremu kabla hujamaliza hata robo mzunguko. Unaitoa, unaigeuza, unaiingiza tena, na kila unapoingiza unakula kona za bolti kidogo. Kwa hiyo nenda dukani na baiskeli, umwombe muuzaji akuruhusu ujaribu bolti tatu: hiyo ya chupa, ya kiti, na ya breki ya nyuma. Alenki ifike mwisho wa tundu na zana iweze kuzunguka. Muuzaji akikataa, ipo siku nyingine na lipo duka lingine.

Mwili wa zana ndio mpini wako. Zile ndogo kama kidole zinavutia na hazionekani mfukoni, lakini bolti ya kiti iliyokaa msimu mzima wa mvua haitasogea kwa mpini wa sentimita tano. Napenda zana inayojaa upana wa kiganja, nane au tisa hivi. Kwa bolti za shingo ya usukani urefu huo unatosha kabisa. Nyingi zimeandikwa 5 Nm, kipimo cha nguvu ya kukaza, na hiyo si nguvu ya kuvutia kwa mkono mzima.

Kisha angalia chuma. Igeuze ncha ya alenki kwenye mwanga. Kona zake sita ziwe kali na zilingane. Kama zimeviringika zikiwa mpya, irudishe mezani. Alenki laini husokoteka kidogo kabla ya bolti kusogea, na inaposokoteka hulikwangua tundu. Bolti ya namna hiyo huishia kwangu, na mara nyingi natumia drili kuitoa.

Kuhusu kisu, msumeno na kifungua chupa, sina haja navyo njiani.

Mnyororo ndio ninaousimamia kwa nguvu zote. Mwaka jana nilikuwa napanda mlima wa Riat kuelekea Kiboswa na wenzangu wanne. Mmoja wetu akabadilisha gia huku amesimama juu ya pedali, mnyororo ukakatika kwa mlio mkali. Alikuwa na zana ya kukunja, nayo ilikuwa na kitoa pini, kile cha kusukuma pini za mnyororo zitoke. Alipokaza mara ya pili, ncha ya kitoa pini ikapinda kama msumari. Tulitumia yangu. Unaweka pingili iliyoharibika kwenye meno ya kitoa pini, unahakikisha ncha imelenga katikati ya pini kabisa, halafu unakaza taratibu. Mwanzoni pini inagoma, kisha inaachia ghafla na mkono unahisi. Ukishaondoa pingili mbovu, unaunga ncha mbili kwa kiungio cha haraka, pingili inayofungwa kwa mkono, unausogeza hadi kiwe juu, unashika breki ya nyuma na kukanyaga pedali hadi kiseme "tak". Tulikuwa Kiboswa baada ya dakika kumi.

Kiungio hicho si sehemu ya zana, lakini bila hicho kitoa pini ni nusu ya dawa. Nunua cha idadi ya gia zako za nyuma, 8, 9, 10, 11 au 12. Umbali kati ya pini na pini ni uleule, milimita 12.7, ila upana unatofautiana, na kiungio cha gia 8 hakitapita vizuri kwenye gia 11.

Kama unaendesha mamba, ile baiskeli nyeusi iliyobeba watu pale mpakani Busia hadi jina la boda boda likazaliwa, usinunue zana ya kukunja. Mamba imeshikwa na nati. Beba spana ya matundu mengi yenye umbo la mfupa, koleo dogo na bisibisi bapa. Kwa koleo hilo unafungua klipu ya mnyororo. Zana ya alenki haitapata hata pa kuingia.

Jasho na mvua za hapa ziwani hula chuma haraka. Zana iliyolala kwenye mkoba wa kiti miezi mitatu bila kuguswa huganda kwenye maungio, na kucha hazitaweza kuifungua. Tia tone moja la mafuta kwenye kila ungio, pangusa, halafu izungushie blada, kile kipande cha tyubu kuukuu. Blada huzuia zana isitoboe tyubu ya akiba uliyoiweka pamoja nayo, huipa mkono mshiko ukiwa umelowa, na siku kishikio cha chupa kikivunjika unafungia chupa kwayo.

Kiungio changu cha haraka hakikai mkobani kabisa. Nimekifunga kwa utepe kwenye waya wa breki ya mbele, mahali ninapokiona kila ninaposhika usukani.