Neno "stop" lilianza na kuziba, si kusimama

Wengi wetu tuliosomea Dar es Salaam tulilijua neno "stop" kwa kuliona kwenye kibao cha barabarani, maandishi meupe juu ya rangi nyekundu, na tangu siku hiyo tukaamini kwamba maana yake ya asili ni kusimama. Dhana hiyo ni potofu, ingawa haina lawama, kwa kuwa hata Waingereza wengi wanayo.

Maelezo yanayokubalika zaidi yanalirudisha neno hilo kwenye Kilatini, ambako "stuppa" yalikuwa makapi ya kitani, yaani nyuzi za ovyo zinazobaki baada ya nyuzi nzuri kuchambuliwa. Kutokana na jina hilo kikapatikana kitenzi chenye maana ya kuziba tundu kwa nyuzi, kikaingia katika lugha za jamii ya Kijerumani, Kiingereza cha kale kikiwamo. Aliyewahi kumtazama fundi wa vyombo vya baharini akitia kalafati pale Kunduchi ameiona picha yenyewe: pamba huchovywa kwenye mafuta, husokotwa, kisha hushindiliwa kwa patasi na nyundo katika mwanya wa mbao mbili, mpaka maji yakose pa kupenya. Kinachozibiwa njia hukoma kwenda, na kwa mlango huo maana ya kusimama ikaingia, ikashika takriban karne ya 15. Maana kongwe haikufa, kwani kizibo cha chupa bado huitwa kwa neno la ukoo huohuo, na Waingereza waliwahi kulitumia hata kwa jino lililozibwa.

Dhana nyingine ni kwamba kibao chenyewe kilikuwa chekundu tangu mwanzo. Kilipowekwa Detroit, Marekani, mwaka 1915, kilikuwa cheupe chenye herufi nyeusi. Umbo la pembe nane lilipendekezwa mwaka 1923, na kwa miaka mingi rangi yake ikawa njano, kwa sababu rangi nyekundu za wakati ule zilipauka upesi juani. Wekundu ulikuwa kanuni ya Marekani mwaka 1954. Na anayedhani kwamba Wafaransa, kwa jinsi wanavyoionea wivu lugha yao, wameandika neno lao kwenye vibao hivyo, amekosea: Ufaransa huandika STOP, ilhali Quebec, jimbo la Kanada lisemalo Kifaransa, ng'ambo ya bahari, ndiyo inayoandika ARRÊT.

Kuhusu simu za maandishi za zamani, yaani telegramu, wapo wanaodhani kwamba "stop" iliashiria mwisho wa ujumbe. La hasha, ilisimama mahali pa nukta, hivyo ujumbe mmoja uliweza kuwa nayo mara tatu au nne, kwa kuwa neno zima halipotei njiani kirahisi kama kitone.

Dhana inayonikera zaidi ni yetu wenyewe, kwamba tafsiri ya "stop" ni "simama" popote itokeapo. Mtoto anayemvuta paka mkia haambiwi asimame, huambiwa "Acha!", na akizidi, "Koma!"; vivyo hivyo mvuta sigara hashauriwi kusimama, kwani anaweza kusimama vizuri tu na sigara yake mdomoni. Kiswahili kiligawa kazi hiyo kwa vitenzi kadhaa, na mahali basi linapopakia watu kikapaita kituo, kutokana na kutua, kama afanyavyo mchukuzi anapoweka mzigo chini apumzike. Washairi nao huuita kituo mshororo wa mwisho wa ubeti, pale sauti inapotua.

Basi, ndani ya daladala abiria anayekaribia kwake hasemi "stop" wala "simama". Husema "Shusha!", naye konda akagonga bodi.