Kampuni Moja, Sheria Mbili: Vikwazo na Mamlaka ya Mahakama

Wakurugenzi huniuliza mara kwa mara: ikiwa kampuni yetu imesajiliwa nchini mwetu na haina tawi Marekani, vikwazo vya Marekani vinatuhusu nini? Jibu limo katika njia ambayo malipo hupitia. Ankara ikiandikwa kwa dola, kwa kawaida fedha hupitia benki wakala, yaani benki inayolipa kwa niaba ya benki nyingine, iliyoko New York, na hata zikipita huko kwa dakika chache tu, sheria ya Marekani imekwisha kuzifikia. Ndivyo BNP Paribas, benki ya Ufaransa, ilivyojikuta mwaka 2014 ikikiri makosa na kukubali kulipa takriban dola bilioni 8.9 kwa miamala iliyohusu Sudan, Iran na Kuba.

Ugumu huzidi pale sheria ya kwao kampuni inapoikataza kutii baadhi ya vikwazo hivyo, kama ifanyavyo Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2271/96. Marekani iliporudisha vikwazo dhidi ya Iran mwaka 2018, Telekom Deutschland, kampuni ya simu ya Ujerumani, ilivunja mikataba yake na Bank Melli Iran, benki ya Iran, bila kueleza sababu. Desemba 2021, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kampuni hailazimiki kutoa sababu, lakini ushahidi wa awali ukionyesha kuwa ilikuwa ikitii vikwazo, ni juu yake kuthibitisha vinginevyo. Uvunjaji huo waweza kubatilishwa, isipokuwa kama hasara itakayoipata kampuni itapita kiasi. Kwangu hii ni haki nusu, kwa kuwa mfanyabiashara ameachiwa mgongano ambao serikali zenyewe zimeshindwa kuumaliza.

Hata mahali pa kusikilizia mgogoro hapana uhakika. Mkataba waweza kutaja usuluhishi wa Stockholm, yaani mgogoro uamuliwe huko Sweden na wasuluhishi badala ya mahakama, lakini sheria ya Urusi ya mwaka 2020 inazipa mahakama zake za biashara mamlaka ya pekee juu ya migogoro ya Warusi waliowekewa vikwazo, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kwamba kuwekewa vikwazo pekee kunatosha kuiondoa kesi kwa wasuluhishi.

Kwa hiyo nikikagua mkataba, hutazama kwanza sarafu ya malipo, kisha vifungu vya mwisho ambavyo wengi huvisaini bila kuvisoma. Nikikuta kifungu kinachosema "vikwazo vyovyote" bila kutaja vya nani, hukirudisha kiandikwe upya, kwani kampuni ya Ulaya inayokisaini huenda inaahidi kutenda jambo ambalo sheria ya kwao inalikataza.