Kasha kujaa tarehe 31 Desemba si faida

Nimechoka. Kila mkutano mkuu wa mituweli ya afya (chama cha watu wanaochangiana gharama za matibabu) hapa Bukavu, lazima mmoja asimame na kuniambia mimi mhasibu: "Kontabli, kasha iko na dola elfu 40. Mutugawie basi!" Ukumbi mzima makofi. Safari hii aliyesimama ni mtu wa kamati ya usimamizi, aliyetia sahihi mizania kwa mkono wake.

Haya, tuseme elfu 40 zipo. Toa fakitire (ankara) za hospitali za Novemba ambazo bado hazijalipwa: elfu 14. Toa za Desemba, ambazo hospitali haijaleta hata moja: elfu 17 kwa makadirio. Toa michango ya mwaka ujao ambayo watu wameshaitanguliza: elfu 12. Tumeingia chini ya sifuri kwa elfu 3. Mnagawana nini?

Sheria napita mbio. Kongo yetu (DRC) imo OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara na hesabu, tangu 2012. Mwaka wa hesabu unafungwa tarehe 31 Desemba, taarifa ziwe tayari ndani ya miezi 4. Kampuni za bima za biashara zinasimamiwa na ARCA, mamlaka ya serikali ya bima, chini ya sheria ya 2015. Mituweli zina sheria yake ya tarehe 8 Februari 2017. Kanuni ni moja: kila mwaka ubebe gharama zake.

Kinachoniudhi ni Desemba. Mama wa Kadutu, hapa hapa mjini, anapasuliwa kujifungua tarehe 22, anarudi nyumbani tarehe 29. Deni letu linaanza siku alipopokelewa kwa jetoni yetu (kikaratasi cha kutibiwa kwa gharama ya mituweli), hata kama fakitire itafika mezani kwangu mwezi wa pili. Ikifika, daktari mshauri, anayetukagulia fakitire, anaishika na kalamu nyekundu: seramu (dripu) mbili hazimo kwenye fishi (kadi ya matibabu) ya mgonjwa, anafuta, chumba cha peke yake, anafuta. Basi wajanja wanasema, kwa kuwa kiasi hakijulikani, tuandike sifuri. Sifuri! Mama ameshatibiwa, hospitali imeshatumia dawa zake.

Sasa, elfu 17 nimezitoa wapi? Nahesabu jetoni za Desemba, nazidisha kwa gharama ya wastani ya miezi iliyotangulia, napunguza kile ambacho kalamu nyekundu huwa inakula. Vitabu vina jedwali la pembetatu la ucheleweshaji, linalokadiria fakitire zijazo kwa kuangalia za zamani zilichelewa kiasi gani, zuri sana kwa kampuni yenye wateja malaki. Kwa memba elfu chache, wagonjwa wawili wakilazwa mwezi mzima, pembetatu kwisha. Tena Desemba haifanani na miezi mingine: wenye kadi inayoisha wanakimbilia kwa daktari kabla ya tarehe 31. Hapo naongeza kwa jicho tu. Mkaguzi akiniuliza ushahidi wa jicho, sina. Ninachoweza ni kuandika chini ya jedwali nimeongeza ngapi na kwa nini, kisha mwezi wa nne naweka fakitire halisi pembeni yake, kila mtu aone nilikosea kwa kiasi gani.

Ziada ya kweli ikipatikana, ijaze kwanza akiba ya dharura. Kipindupindu hakingoji kampeni ya michango. Na wale wanaouliza kuhusu michango ya franka na fakitire za dola, hilo nitaliandika nikishapoa.