Je, wajua? Kwa nini uvimbe wa mwiba huisha baada ya siku chache, na wa kichocho huharibu ini kwa miaka

Umechomwa na mwiba shambani. Kesho yake unyayo umevimba, una moto, unapwita, na kuukanyagia ni taabu. Wengi hudhani huo uvimbe umeletwa na mwiba. Kumbe umeletwa na mwili wenyewe ukijikinga, na madaktari huuita inflamesheni.

Mrumi aitwaye Celsus aliziorodhesha dalili zake nne katika karne ya 1: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. (Wekundu huo, kwenye ngozi nyeusi, mara nyingi hauonekani vizuri. Gusa kwa mkono usikie joto.) Zote nne zina chanzo kinachojulikana. Seli za ulinzi zilizo chini ya ngozi humwaga kemikali iitwayo histamini, mishipa midogo ikatanuka na damu nyingi ikaja: ndiyo joto na wekundu. Kuta za mishipa nazo hulegea, majimaji ya damu yakavujia pembeni: ndio uvimbe. Maumivu huchochewa na kemikali nyingine, zikiwemo prostaglandini. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hutuliza kwa kuzuia utengenezaji wa hizo prostaglandini.

Kupitia kuta hizo zilizolegea ndimo zinamopenya chembe nyeupe za damu, nazo hufika katika muda wa saa chache. Aliyegundua kwa namna ya kupendeza kwamba seli za mwili humzingira mvamizi ni mwanabiolojia Mrusi Élie Metchnikoff, mwaka 1882, mjini Messina, Italia. Alichoma miiba ya waridi katika viluwiluwi vya kiti cha pwani (mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota), na asubuhi akakuta seli zimeuzingira kila mwiba. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Mwiba ukitoka na vijidudu vikifa, seli zilezile huanza kusafisha. Makrofeji, aina ya chembe nyeupe, humeza mabaki, dalili za hatari hupungua, nyama mpya huota. Hiyo ni inflamesheni ya muda mfupi, na tungekufa mapema sana bila hiyo.

Sasa chukua mwiba usiotoka. Mfano mzuri tunao hapa kwetu: kichocho, kile cha tumbo kando ya Ziwa Victoria, na kile cha mkojo kinachojulikana sana Unguja na Pemba. Viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi, hupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayelima mpunga, kisha hukua na kuwa minyoo inayoishi ndani ya mishipa ya damu kwa miaka kadhaa. Ajabu ni kwamba minyoo yenyewe haisumbui sana. Hujivika molekuli za mwili wa mwenyeji wake, na ulinzi wa mwili hauitambui vizuri.

Balaa ni mayai. Jike wa kichocho cha tumbo anaweza kutaga mamia kwa siku. Yanatakiwa yatoke na choo, lakini mengi hukwama, hasa kwenye ini. Yai lililokwama huvujisha sumu, nazo seli za ulinzi hulizingira, safu juu ya safu, mpaka liwe kinundu kiitwacho granuloma. Yai hilo hufa baada ya wiki chache, ila mengine yamekwisha kufika. Hakuna siku kazi inakwisha, na ukarabati usiokwisha huzaa makovu. Damu itokayo matumboni hukosa njia ndani ya ini, bandama huvimba, mishipa ya umio hutuna, na ikipasuka mgonjwa hutapika damu. Katika kichocho cha mkojo makovu hujaa kwenye kibofu, na baada ya miaka mingi kansa inaweza kuzuka.

Mtu atauliza: si tuuzime tu huo ulinzi? Limejaribiwa kwa panya wasio na seli T, zile zinazoongoza ujenzi wa vinundu. Hao hufa mapema zaidi, kwa sababu sumu ya mayai huliunguza ini bila kizuizi. Kwangu mimi hili ndilo gumu kuliko yote katika habari hii: kinundu kinachoharibu ini ndicho kinachomweka mgonjwa hai.

Ndiyo maana tiba hulenga chanzo. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo mikubwa, utagaji ukakoma, na uvimbe ukakosa wa kuuchochea. Kwa watoto hasa, vidonda vya kibofu huweza kunywea kabisa. Kovu kuukuu la ini la mtu mzima ni gumu zaidi kuondoka. Na dawa hiyo haiui vizuri minyoo michanga, kwa hiyo aliyeingia ziwani siku chache kabla ya kumeza vidonge anaweza kuhitaji kurudia dozi baada ya wiki kadhaa.