Softiwea ya kupigia hesabu za hewa, nani anailea?

Wiki iliyopita dogo mmoja wa mwaka wa nne kaja ofisini kwangu, laptop imejaa vumbi la Dodoma, akafungua picha ya bawa la ndege limepakwa nyekundu na bluu utadhani kanga ya harusi, akasema "mwalimu, nimemaliza". Nikamuuliza swali moja tu: hii kodi yako (kodi ya kompyuta jamani, yaani programu, siyo ya TRA) umeshaipitisha kwenye M6? Kimya.

M6 ni bawa ambalo Wafaransa wa ONERA, kituo chao cha utafiti wa mambo ya anga, walilitoboa vitundu vya kupimia presha wakaliweka kwenye handaki la upepo, vipimo vikatolewa 1979 na dunia nzima inavitumia hadi leo. Ukiweka Mach 0.84 (asilimia 84 ya spidi ya sauti) na bawa likaelekea upepo kwa pembe ya nyuzi 3.06, juu yake yanatokea mawimbi mawili ya mshtuko, yaani mahali presha inaporuka ghafla, ambayo yanaungana kuelekea nchani, umbo kama herufi ya Kigiriki, lambda. Kodi mbovu inakupa wimbi moja lililofifia, na picha bado inapendeza, ndo tatizo lenyewe hilo.

Sasa hizi kesi za kujipimia kama M6, ambazo vipimo vyake vya kweli vinajulikana, hazikujikusanya zenyewe. Kule Marekani mwaka 1993 ofisi mbili za serikali, kituo cha utafiti cha NASA pale Cleveland (siku hizo kikiitwa Lewis, sasa Glenn) na kituo cha majaribio cha jeshi la anga, Arnold, kule Tennessee, zilikubaliana kulea kodi moja kwa pamoja. Wakauita ushirika wa NPARC. Kodi yenyewe ilikuwa na ukoo mrefu: ilitoka kwenye ARC3D ya NASA Ames, watu wa Arnold wakaigeuza ipige hesabu za ndani ya injini na mifereji ya hewa, wakaiita PARC. Baadaye McDonnell Douglas, waliokuja kumezwa na Boeing, wakaleta yao iitwayo NASTD, Arnold wakaongeza NXAIR, zote tatu zikachanganywa ikazaliwa WIND, leo inaitwa Wind-US.

Kinachonivutia mimi siyo fomula, fomula za Navier na Stokes za mwendo wa hewa ni zilezile za karne ya 19. Kinachonivutia ni walivyogawana kazi: kuna wanaoandika kodi, kuna wanaomjibu mtumiaji aliyekwama, na kuna ambao kazi yao ni kuilinganisha kodi na vipimo vya kweli. Hao wa mwisho ndo wanaosahaulika kila mahali. Maana unarekebisha bagi (kosa la kodi) kwenye modeli ya msukosuko wa hewa leo, kesho kesi iliyokuwa sahihi mwaka jana inakataa, na usipoirudia hujui kabisa, unaendelea kutabasamu.

Nilishaonja hilo. Kuna mradi niliwahi kuwemo, siutaji, mwenzetu mmoja aliandika kodi nzuri ya upepo, hela ya kuandika ilikuwepo, hela ya kulea haikuwepo, jamaa akapata kazi nyingine akaondoka na baada ya miezi kadhaa tukaapdeti kompyuta, kodi ikagoma kuwaka. Mpaka leo iko kwenye flashi mezani kwangu.

Halafu mtaniuliza, mwalimu, wewe Dodoma na mawimbi ya mshtuko wapi na wapi? Haya, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Mchana wa Oktoba joto likifika nyuzi 32 hewa yetu inakuwa nyepesi kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na hewa ya kawaida ya usawa wa bahari, kwa hiyo ndege inahitaji spidi kubwa zaidi ili bawa liinyanyue, na injini nayo inapata hewa kidogo, yaani unabanwa huku na huku na barabara ya kurukia ni ileile. Mwanafunzi wangu akipiga hesabu kwa hewa ya kwenye kitabu atakuwa amemrusha rubani wa nchi nyingine.

Wind-US yenyewe hatuipati, inagawiwa kwa taasisi za Marekani tu, na sina kinyongo, ni kodi inayogusa mambo ya jeshi. Lakini kesi zao nyingi za majaribio ziko wazi, umbo, vipimo, vyote, kwa hiyo tunatumia kodi za bure za aina hiyohiyo, OpenFOAM au SU2, na tunajipima kwa rula yao.

Dogo nimemrudisha na M6 pamoja na kesi nyingine ya majaribio, mfereji wa hewa wa Sajben. Huo mfereji mtamu: presha ya kutokea ukiiweka 0.82 ya ile ya jumla ya kuingilia, wimbi linakuwa dhaifu na kila kodi inapita. Ishushe hadi 0.72, wimbi linapata nguvu, hewa inabanduka ukutani, na hapo unajua nani ni nani. Jana saa tatu usiku kanitumia meseji kwamba 0.82 imekaa vizuri. Ya 0.72 ilikuwa nusu umeme ukakatika, na hakuwa ameweka kuhifadhi kila baada ya hatua 500 kama nilivyomwambia, kwa hiyo leo anaanza upya.